Mezani na laptopu: mbona kazi ya juzi inarudi juu ya kazi ya jana?

#1 MfasiriWaUsiku
Wakuu, habari za muda huu. Naomba msaada, jambo hili limenichosha.

Mimi ni mfasiri. Nina kompyuta mbili: ya mezani yenye kioo kikubwa, ambayo nafanyia kazi nzito usiku, na laptopu ninayotoka nayo mchana. Ya mezani ina Linux peke yake. Laptopu ina Windows na Linux, nachagua ninapoiwasha. Folda yangu ya KAZI inasawazishwa kupitia huduma ya wingu ninayoilipia. Kwenye laptopu nimeiweka katika kipande cha diski kinachosomwa na Windows na Linux zote mbili, nisije nikawa na nakala mbili ndani ya mashine moja.

Ninachotaka ni kuinuka kwenye kiti cha mezani, nifungue laptopu popote nilipo, nikute kazi ilipoishia.

Kinachotokea ni kwamba mara moja au mbili kwa wiki, faili nililolimaliza jana linarudi lilivyokuwa juzi, bila onyo lolote. Jumanne nilirekebisha sura ya 4 kwenye laptopu, aya 11 nzima, nikahifadhi, nikafunga. Usiku mezani nikaikuta sura ya 4 ya zamani. Nikajua bado haijashuka, nikasubiri. Haikushuka. Jumatano asubuhi hata kwenye laptopu zile aya hazikuwepo! Mara nyingine linatokea faili la pili lenye neno la mgongano na tarehe, hilo nalielewa. Hii ya kimyakimya ndiyo inayoninyima usingizi.

La pili ni dogo lakini linaudhi: waraka uleule una kurasa 212 mezani na 219 kwenye laptopu.

Natanguliza shukrani.

#2 Mpita Njia
Napiga kambi hapa. Nina ugonjwa huohuo.

#3 MzeeWaKebo
Mkuu, swali moja kabla ya yote. Ukimaliza kazi kwenye laptopu unafunga kifuniko papo hapo, au unasubiri alama ya huduma yako iseme imemaliza?

Nauliza kwa sababu kesi nyingi za namna hii nilizowahi kuzishughulikia zilianzia kwenye kifuniko. Kuhifadhi faili kwenye diski ni jambo moja, kulipandisha kwenye seva ni jingine. Ukibonyeza hifadhi na kufunga kifuniko sekunde ileile, laptopu inalala na mtandao unakatika. Faili liko salama ndani ya laptopu, ila dunia nzima haijui. Ukifika mezani unakuta ya zamani, unaifungua, unaigusa kidogo, unahifadhi. Sasa una kazi mbili zenye baba mmoja.

#4 BintiLinux
Mzee Kebo, shikamoo. Hilo la kifuniko ni kweli linatokea, lakini angalia maelezo ya mleta uzi. Kwa njia hiyo angepata faili la mgongano, maana pande zote mbili zimebadilika. Yeye anasema kimya.

Mimi nashuku saa. Windows huichukulia saa iliyo ndani ya ubao mama kuwa ni saa ya mahali ulipo. Linux huichukulia kuwa ni UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia. Ukitoka mfumo mmoja kwenda mwingine, saa inaruka kwa tofauti iliyopo kati ya eneo lako na UTC, na inabaki hivyo mpaka mtandao uisahihishe. Faili lolote utakalohifadhi katika dakika hizo linabeba muda wa uongo. Likionekana ni la zamani kuliko lilivyo, litashindwa na nakala ya mezani.

Ukiwa Linux andika `timedatectl` utuletee majibu. Dawa yake ni kuiambia Windows isome saa kwa UTC, kuna thamani moja kwenye rejesta yake (hazina ya mipangilio ya Windows) inayoitwa RealTimeIsUniversal. Unaweza pia kuiambia Linux ifuate saa ya mahali, lakini hiyo siipendi, inaleta shida pale saa zinaposogezwa mbele na nyuma kwa majira.

#5 JiraniWaSeva
Dada, saa inalaumiwa kuliko inavyostahili. Programu nzuri za kusawazisha haziangalii nani ana muda mpya zaidi na kumpa ushindi. Zinaweka daftari.

Unison, ambayo imetoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, inaandika hali ya pande zote mbili ilivyokuwa mara ya mwisho zilipolingana. Safari inayofuata inauliza: upande huu umebadilika tangu siku ile? Na ule je? Umebadilika mmoja, inanakili. Zimebadilika pande zote mbili, inakuuliza wewe. Syncthing, programu nyingine ya kusawazisha, nayo inahesabu matoleo kwa kila mashine, muda wa faili inautumia tu kuamua lipi libaki na jina lake na lipi lipewe jina la mgongano. Kwa hiyo hata saa ikidanganya, mshindi anaweza kuwa si anayestahili, lakini aliyeshindwa hafutwi.

#6 BintiLinux
Nakubali kuhusu hizo mbili. Lakini mleta uzi hatumii hizo mbili, anatumia huduma ya wingu ambayo ndani yake hatuioni. Na wapo wengi wenye hati zao za amri za rsync (programu ya kunakili mafaili kati ya mashine) zenye alama ya `-u`, ambayo kazi yake ni hiyohiyo: lenye muda mpya lisiguswe. Kwa watu hao saa ndiyo hakimu.

#7 MamaDiski
Jamani, mbona mnakwenda mbali. Ndugu mfasiri, ukitoka asubuhi, kompyuta ya mezani unaiacha inawaka? Na nyaraka zako unaziacha wazi?

Programu ya kuandikia ikiwa wazi, maandishi yanakaa kwenye kumbukumbu yake. Wewe unabadilisha sura ya 4 ukiwa huko nje, huduma inaishusha hadi kwenye diski ya mezani, vizuri kabisa. Lakini lile dirisha la mezani bado limeshika sura ya 4 ya juzi. Kama umeiwekea ijihifadhi yenyewe kila baada ya dakika fulani, siku itakayoona ina kitu cha kuhifadhi inaandika ya juzi juu ya ya leo, na inaipiga muhuri wa saa ya leo. Huduma inaona faili jipya kutoka mezani, inalipandisha. Mgongano haupo, kwa sababu kwa daftari lake mezani imepokea toleo la laptopu kwanza, halafu ikalibadilisha kihalali.

Hiyo ndiyo kimya yenyewe. Na daftari la Jirani haliwezi kuizuia.

#8 MfasiriWaUsiku
Asanteni sana. Majibu yangu:

Kifuniko: ndiyo Mzee, nafunga papo hapo. Sikujua.
Saa: dada, nimetoka Windows nikaingia Linux, saa ilikuwa imeruka masaa kamili. Ilijirekebisha baada ya kama dakika moja ya kuunganishwa na mtandao.
Mezani: inawaka siku nzima na nyaraka nyingi huwa wazi. Kujihifadhi kila baada ya dakika 10 nimekuwasha, maana umeme ukikatika nisipoteze.

#9 Kipanya99
Mkuu, umekuja na homa moja, umepimwa umekutwa na magonjwa matatu. Usikate tamaa, uko na madaktari.

#10 MezaMoja
Mimi nitasema lisilopendwa: acha mashine mbili. Nilihangaika miaka kama wewe, mwisho nikauza ya mezani. Nina laptopu moja yenye nguvu. Nikifika nyumbani nachomeka waya mmoja wa USB-C kwenye kituo chake, kioo kikubwa kinawaka, kibodi, kipanya, mtandao, na umeme unaingia kwa waya huohuo. USB-C ilikuwa inabeba hadi wati 100, na tangu viwango vya 2021 inaruhusiwa hadi wati 240, kwa hiyo hata laptopu nzito zinatosheka. Kitu ambacho ni kimoja hakihitaji kulinganishwa na kingine.

#11 JiraniWaSeva
#10 ina hoja, lakini siku laptopu hiyo moja ikianguka au ikiibwa, una mashine ngapi? Mwenye mbili zilizolingana anaendelea na kazi jioni ileile. Mimi nahesabu hilo kama faida kubwa kuliko usumbufu wote.

#12 MezaMoja
Nina bakapu, Jirani. Nitanunua nyingine na kurudisha.

#13 JiraniWaSeva
Siku ngapi?

#14 MezaMoja
Mbili au tatu, nikiri.

#15 HesabuSafi
Niongeze kisa changu kwa faida ya wengine. Mimi natunza vitabu vya biashara. Programu yangu inahifadhi kila kitu kwenye faili moja la hazina ya data, la aina ya SQLite. Nikaliweka kwenye folda inayosawazishwa, nikaridhika. Miezi minne baadaye lilikataa kufunguka.

Aliyenisaidia alinieleza hivi: SQLite ikiwa kazini haiandiki kwenye faili moja tu. Kando yake kuna faili jingine dogo, la jarida, lenye mambo yaliyo njiani kuingia. Msawazishaji halijui hilo, ananakili hili sasa na lile baadaye kidogo, upande wa pili vinafika vipande visivyo vya wakati mmoja. Nilirudisha ya wiki moja nyuma na kuandika upya miamala ya siku sita kwa mkono. Sitaki mtu mwingine apitie usiku ule.

Tangu hapo sheria yangu ni kwamba programu inafungwa kabisa kwanza, ndipo faili linasafiri. Profaili za vivinjari na sanduku la barua pepe nazo zimo kwenye kundi hilo, msiziweke kwenye folda ya wingu.

#16 MzeeWaKebo
Pole sana dada. Na kwa barua pepe, anayetaka mashine mbili zione sanduku moja atumie IMAP, barua zibaki kwenye seva. POP iliundwa kwa mtu wa mashine moja, kwa kawaida inashusha barua na kuziondoa seva. Nimekuta mtu nusu ya barua zake ziko mezani, nusu laptopu, kila mashine na kumbukumbu yake ya mwaka.

Mnanikumbusha mbali. Windows 95 ilikuja na kitu kinaitwa Briefcase, mkoba kweli wenye picha ya mkoba. Unaburuta mafaili ndani, unabeba kwenye diski laini hadi mashine nyingine, ukirudi unabonyeza inalinganisha. Tulikuwa na tatizo hilihili wakati huo, tena kwa diski ya megabaiti 1.44.

#17 Kipanya99
Mzee, iko wapi sasa? Nataka kuiona.

#18 BintiLinux
Walitangaza kuiacha kwenye Windows 8, na Windows 10 ikaizima. Usiitafute.

#19 PichaNaMwanga
Mimi mpiga picha, wingu kwangu halitoshi kwa uzito wa mafaili. Nabeba SSD ya nje, katalogi na picha zote humo, nachomeka popote nilipo. Mashine zote mbili zina programu ileile ya toleo lilelile, basi. Hakuna cha kusawazisha kwa sababu nakala ni moja inayotembea.

Tahadhari mbili. Usiiandae kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa diski: faili halizidi gigabaiti 4, na muda wa kuhifadhi inaurekodi kwa hatua za sekunde 2, kwa hiyo rsync inaweza kuona kila kitu kimebadilika kumbe hakuna. Kuna alama ya `--modify-window` kwa ajili hiyo. Ya pili, hiyo SSD ikipotea umepotea nayo, kwa hiyo kila usiku inanakiliwa mezani, upande mmoja tu, bila kurudi.

#20 Kipanya99
Kwa nini asitumie git, programu ya kutunza historia ya mafaili? Kila badiliko lina historia, hakuna kinachorudi kimyakimya. Linus Torvalds aliiandika 2005 kwa sababu ya kazi ya watu maelfu kwenye kodi moja (msimbo wa programu), sembuse mtu mmoja na mashine mbili.

#21 JiraniWaSeva
Kwa kodi naunga mkono asilimia mia. Kwa nyaraka zake, nusu. Faili la docx au odt ni furushi la zip, ndani yake kuna mafaili ya XML. Git italihifadhi na kukupa historia, lakini haitaweza kuchanganya aya ya mezani na aya ya laptopu, itakuambia uchague moja. LibreOffice inaweza kuhifadhi kwa fodt ambayo ni maandishi matupu, ila wateja wake wanataka docx.

Na git inataka ukumbuke. Ukisahau kusukuma kabla ya kutoka, umebaki kulekule kwa Mzee Kebo na kifuniko.

#22 Kipanya99
Nimekubali kushindwa kwa nusu.

#23 MamaDiski
Mbona hakuna aliyemuuliza la muhimu? Ndugu mfasiri, zile aya 11 umezipata? Ingia kwenye huduma yako kwa kivinjari, si kwa folda. Nyingi zinaweka matoleo ya nyuma ya kila faili kwa siku kadhaa. Bofya sura ya 4, tafuta historia.

Na nyote mnaosoma: kusawazisha si bakapu. Kusawazisha kunafikisha kosa lako kila mahali kwa uaminifu uleule ambao kunafikisha kazi yako. Ukifuta hapa, inafutwa kule. Mpiga picha Peter Krogh ndiye aliyeieneza ile kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya jengo. Mashine mbili zinazosawazishwa mimi nazihesabu kuwa nakala moja.

#24 MfasiriWaUsiku
Mama, Mungu akubariki. NIMEZIPATA. Zote 11. Nimezinakili kwenye faili jipya na kwenye flashi pia.

Na historia yenyewe inasema hivi:
Jumanne 16:52, sura ya 4, kutoka laptopu.
Jumanne 16:58, sura ya 4, kutoka mezani, ukubwa umepungua.

Saa 16:58 mimi sikuwa nyumbani. Hakuna mtu mwingine anayegusa ile mashine.

#25 MamaDiski
Dakika 6 baadaye, na kujihifadhi kwako ni kila dakika 10. Dirisha lilikuwa wazi. Sina la kuongeza.

#26 BintiLinux
Mama, ngoja kidogo. Programu nyingi hazijihifadhi kama hujabadilisha kitu tangu mara ya mwisho. Kama aliacha sura ya 4 wazi mezani asubuhi ikiwa imehifadhiwa, kwa nini iandike upya saa 16:58? Tena LibreOffice kwa kawaida inaandika kumbukumbu ya uokoaji pembeni, hailigusi faili lenyewe, isipokuwa umeiambia ihifadhi na waraka pia.

#27 MfasiriWaUsiku
Nimeangalia. Kile kisanduku cha kuhifadhi waraka pia nimekiwekea alama. Ila kama kulikuwa na badiliko ambalo halijahifadhiwa asubuhi ile, siwezi kuapa. Huenda niligusa nafasi moja nikaondoka. Lakini kama niliigusa asubuhi, si ingejihifadhi asubuhi hiyohiyo, ndani ya dakika 10?

#28 MzeeWaKebo
Swali zuri hilo. Labda mezani ilikuwa imelala mchana na ikaamka. Au saa yake iko nyuma. Hiyo ya mezani ina umri gani? Betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, CR2032, ikichoka, saa inapoteza mwelekeo kila unapochomoa waya wa umeme.

#29 HerufiNzuri
Samahani kwa kuingilia, mimi nimekuja kwa ajili ya kurasa 212 na 219, naona zimesahaulika.

Ni fonti. Windows inakuja na Calibri na Cambria, Linux haina ruhusa ya kuzigawa. Ukifungua waraka kwenye mashine isiyo na fonti hiyo, programu inaweka nyingine bila kukuuliza. Herufi zikiwa pana kidogo, mistari inaongezeka, kurasa zinazaliwa; zikiwa nyembamba, kurasa zinapungua. Sakinisha Carlito kwa ajili ya Calibri na Caladea kwa ajili ya Cambria, zimechorwa kwa vipimo vilevile vya upana, mistari itakatika palepale. Kwa Arial na Times New Roman kuna familia ya Liberation. Au ziweke fonti ndani ya waraka wenyewe kabla ya kutuma.

Kwa mtu anayelipwa kwa ukurasa hili si dogo hata kidogo!

#30 MezaMoja
Printa pia. Word inapanga ukurasa kwa kufuata vipimo vya printa iliyochaguliwa. Nimeona waraka mmoja, fonti zilezile, mashine mbili za Windows, kurasa tofauti, kisa mashine moja ilikuwa na printa na nyingine haina.

#31 MfasiriWaUsiku
Nimesakinisha Carlito mezani. Sasa ni 218 kwa 219. Asante sana HerufiNzuri. Huo ukurasa mmoja labda ndio wa printa.

#32 Binti wa Pili
Habari zenu. Naomba kuuliza tu, na programu zenyewe mnazilinganishaje? Mafaili yananifuata, lakini kila nikikaa mashine ya pili nakuta hiki hakipo, kile ni toleo la zamani, kamusi yangu ya maneno niliyoiongeza haipo.

#33 BintiLinux
Karibu dada. Mimi naweka orodha, si programu zenyewe. Kwenye Debian na jamaa zake, `apt-mark showmanual` inakutolea majina ya ulivyosakinisha mwenyewe. Kwenye Windows, `winget export` inafanya kazi hiyo na `winget import` inasakinisha upande wa pili. Orodha hiyo inakaa kwenye folda ya kazi. Mafaili ya mipangilio nayaweka kwenye git, VS Code na Firefox zina usawazishaji wao wa ndani, naziachia.

Kamusi ya LibreOffice ni faili dogo la maandishi linaloishia kwa dic, ndani ya profaili yako. Hilo unaweza kulinakili lenyewe peke yake. Usinakili profaili nzima, kisa cha HesabuSafi kimeshatufundisha.

#34 JiraniWaSeva
Mleta uzi, nimesoma #1 upya na kuna kitu tumekipita wote. Umesema folda ya KAZI kwenye laptopu inasomwa na Windows NA Linux. Je, programu ya huduma umeisakinisha kwenye mifumo yote miwili?

Kama ndiyo, una madaftari mawili juu ya folda moja. Linux ya laptopu inashusha mafaili mapya na kuandika kwenye daftari lake. Siku tatu baadaye unaingia Windows, daftari la Windows linakumbuka hali ya siku tatu nyuma, linaona mafaili yamebadilika "yenyewe" kwenye diski, linadhani ni wewe umeyabadilisha, na linaanza kuyapandisha. Hapo ndipo naona yale mafaili yako ya mgongano yanapozaliwa, hayo uliyosema unayaelewa.

Na kuna kubwa zaidi. Tangu Windows 8 kuna Fast Startup. Ukiizima Windows haizimi kabisa, inagandisha kiini chake kwenye diski ili kesho iamke haraka. Kipande hicho cha diski bado kimeshikwa. Linux ikiandika humo, Windows inaamka na picha ya jana kichwani kuhusu nini kiko wapi, na inaweza kuandika juu yake. Kazi ya juzi inarudi, bila mgongano.

#35 BintiLinux
Jirani, Linux si mjinga kiasi hicho. Dereva ya ntfs-3g, inayoiwezesha Linux kusoma diski za Windows, ikikuta Windows imegandishwa inakataa kuandika. Folda ingekuwa ya kusoma tu, angeona.

#36 JiraniWaSeva
Inakataa kama hajailazimisha. Mkuu, tuonyeshe mstari wa kipande hicho kwenye `/etc/fstab`, faili linaloieleza Linux jinsi ya kufungua vipande vya diski.

#37 MfasiriWaUsiku
Programu ya huduma iko pande zote mbili, ndiyo. Na mstari una ntfs3 na mwishoni neno force. Niliuchukua mahali fulani siku moja ilipogoma kufunguka, sikujua maana yake.

#38 Kipanya99
Ugonjwa wa nne huo, mkuu. Tunakupenda, endelea kuleta vipimo.

#39 BintiLinux
Hiyo ntfs3 ni dereva mpya iliyoingia Linux 5.15 mwaka 2021. Bila force inakataa kuandika kwenye diski yenye alama kwamba haikufungwa vizuri. Kwa force inapita. Jirani, naondoa pingamizi langu kwa nusu. Nusu nyingine ni hii: Jumanne alikuwa Windows au Linux alipoandika zile aya? Na historia inasema mezani ndiyo iliyoandika 16:58, si laptopu. Fast Startup ya laptopu haiwezi kuifanya mezani iandike.

#40 MfasiriWaUsiku
Jumanne nilikuwa Windows, siku nzima.

Nimefanya hivi jana: Fast Startup nimezima, force nimetoa, programu ya huduma nimeiacha Windows tu, RealTimeIsUniversal nimeweka. Mezani sasa nafunga kila kitu kabla ya kutoka, na kifuniko nasubiri alama ya kijani.

Halafu nikaangalia historia ya sura ya 7, ambayo nayo ilirudi nyuma wiki iliyopita. Nilitegemea kuona mezani tena. Nimekuta: Alhamisi 03:14, kutoka LAPTOPU, ukubwa umepungua. Saa hizo laptopu ilikuwa kwenye mkoba, kifuniko kimefungwa, na mimi nimelala.

#41 MzeeWaKebo
Mkoba ulikuwa wa moto asubuhi?

#42 MfasiriWaUsiku
Mzee, umejuaje? Betri pia ilikuwa imeshuka sana.

#43 MzeeWaKebo
Laptopu nyingi za sasa hazilali usingizi wa zamani. Kifuniko kimefungwa lakini inaamka yenyewe, inashika mtandao, inashusha barua na masasisho, inalala tena. Ukiwa Windows, andika `powercfg /a`. Ukiona imetaja S0 kati ya hali zinazopatikana, ndiyo hiyo. Kwa hiyo ilipandisha usiku kazi ambayo uliifungia mchana.

#44 BintiLinux
Inawezekana. Lakini kupandisha kwa kuchelewa kungeleta mgongano kama mezani ilikuwa imeshabadilika. Na inaweza pia kuwa 03:14 si 03:14, bali ni saa iliyoruka, maana Alhamisi ile ilikuwa kabla hujarekebisha. Hesabu tofauti ya eneo lako na UTC, iondoe au iongeze kwenye 03:14. Je, unapata muda ambao ulikuwa kweli unaandika?

#45 JiraniWaSeva
Historia inatumia saa ya seva au ya mashine? Huduma hutofautiana. Kama ni ya seva, hoja ya #44 inaanguka. Unda faili tupu sasa hivi, lihifadhi ukiwa umesogeza saa ya laptopu kwa makusudi, uone historia inaandika nini.

#46 MfasiriWaUsiku
`powercfg /a` imetaja S0. Hesabu ya dada pia inaniangukia kwenye muda ambao nilikuwa kazini. Zote mbili zinakubali.

Nafanya jaribio la Jirani usiku huu, kwa faili tupu, si kwa sura yoyote.

#47 MamaDiski
Na ile ya 16:58 bado ni yangu.

#48 Mpita Njia
Nimerudi. Nimefuata vipimo vyenu vyote: saa sawa, hakuna lililo wazi, mfumo ni mmoja kila mashine. Bado moja linarudi, na ni lilelile kila siku. Nimeona sasa hivi kwamba mezani ya Linux nina mafaili mawili, Ripoti.odt na ripoti.odt. Laptopu yangu ya Windows inaonyesha moja tu. Je, hiyo inaweza kuwa sababu, au nifungue uzi wangu?